UZI: f/2, f/4 na f/8 ni nusu, robo na thumni. Tuelewane kuhusu apecha ya lenzi

#1 (mleta uzi)

Wakuu, Mtwara kuchele. Natumaini mko salama huko mliko.

Jambo hili la apecha, yaani lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nimekaa nalo muda mrefu, leo naona nilimwage lote hapa. Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi kwangu aliniuliza: "Kaka, kwa nini namba ya apecha ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa?" Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi nilipoanza kushika kamera, nikajibiwa, "Wewe kariri tu, ni kinyume." Nikakariri. Nikaendelea kukosea miaka, maana kitu cha kukariri kinakutoroka palepale ukumbini, MC anapowaita ndugu wa bwana harusi na wewe una nusu dakika ya kupanga kamera.

Hakuna kinyume. Tazameni inavyoandikwa: f/8. Ule mkwaju wa katikati ni alama ya kugawanya, ileile ya hesabu za darasa la nne. Herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi, ile milimita 18 au 50 au 200 iliyoandikwa mdomoni pake. Kwa hiyo f/2 ni nusu ya f. f/4 ni robo ya f. f/8 ni thumni ya f, thumni hiyohiyo ambayo wazee wetu waliishika kama sarafu ya senti 50 wakaiita sumni. Ukimkatia mtoto nusu ya muhogo na mwenzake ukamkatia thumni, wote wawili wanajua nani kapata kikubwa. Namba 8 ni kubwa kuliko 2, ila thumni ni ndogo kuliko nusu. Basi. Shida ni kwamba kamera nyingi kwenye kioo zinaandika "F8" bila mkwaju, na mkwaju ukipotea maana yote inapotea nao.

Chukueni lenzi ya milimita 50 mfanye hesabu. Kwenye f/2 tundu lina upana wa milimita 25. Kwenye f/4 ni 12.5. Kwenye f/8 ni 6 na robo. Kwenye f/16 ni 3 na ushee. Geuzeni lenzi mtazame mbele, mtakuta imeandikwa kitu kama 1:1.8. Ni uwiano uleule: tundu likifunguka mpaka mwisho, f ni mara 1.8 ya upana wake.

Sasa mwanga. Mvua za masika zikianza, tega sufuria mbili nje, moja mdomo wake sentimita 20, nyingine 40. Ya pili haipati maji mara mbili. Inapata mara nne, kwa sababu mvua inaangukia eneo lote la mdomo, na eneo linakua kwa upana mara upana. Apecha ni mdomo wa sufuria na mwanga ndiyo mvua. Kutoka f/4 kwenda f/2 upana umekuwa maradufu, mwanga umekuwa mara nne.

Ndiyo maana namba zinapangwa kwa mtindo unaowashangaza watu: 1, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua inaitwa stopu, na kila stopu inakata mwanga nusu kamili. Ili eneo liwe nusu, upana unagawanywa kwa 1.4 (kipeuo cha pili cha 2), siyo kwa 2. Huna haja ya kukariri orodha nzima. Shika 1 na 1.4, kisha zidisha kila moja kwa mbili: 1, 2, 4, 8, 16 upande huu, 1.4, 2.8, 5.6, 11, 22 upande ule. Zipishanishe, umemaliza. Zile 3.2, 3.5, 6.3, 7.1 mnazoziona mkizungusha gurudumu ni theluthi za stopu tu.

Kwa nini basi tusiseme "tundu la milimita 12" tukaelewana? Hapa ndipo nilipoipenda hesabu hii. Fikirieni maghala mawili ya korosho yasiyo na taa, kila moja lina mlango mmoja wa mbele, na ukuta wa nyuma unapata mwanga kutoka mlangoni tu. Ghala la pili lina kina mara mbili ya la kwanza. Mkitaka ukuta wake wa nyuma ung'ae sawasawa na wa lile fupi, mlango lazima uongezwe mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu. Lenzi ndivyo ilivyo. Lenzi ya milimita 100 ni ghala refu, ya 50 ni ghala fupi. Kwenye f/4 ya kwanza ina tundu la milimita 25, ya pili 12.5, lakini kihisi cha kamera (kile kinachopokea mwanga ndani yake) kinapata mwanga uleule kwa kila milimita ya eneo lake. Robo ya f ni robo ya f. Ukibadilisha lenzi, shata yako (muda ambao mwanga unaachiwa kuingia) na ISO yako (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) zinabaki palepale, na hesabu hii ilibuniwa kwa ajili hiyo.

Mwanga ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile iliyoniliza.

Harusi ilikuwa Mikindani, mchana, chini ya mbuyu. Nilikuwa nimenunua lenzi ya 50 yenye f/1.8 na nilikuwa mtumwa wake: nyuma inayeyuka kama samli, sura inabaki peke yake, watu wanasifia. Siku nzima sikuitoa kwenye f/1.8. Ikafika picha ya ukoo, mistari mitatu. Maharusi na bibi zao wamekaa mbele, mashangazi wamesimama katikati, wajomba nyuma kabisa. Nikafokasi jicho la bibi harusi, nikapiga, nikashukuru, nikafungasha.

Nilipofungua kompyutani, mstari wa mbele ulikuwa safi kama maji ya kisima. Mashangazi walikuwa na ukungu kidogo. Wajomba walikuwa vivuli. Mnajua kwetu kusini mjomba ni nani kwenye ndoa. Neno lake ndilo linalofungua na kufunga shughuli. Na mimi nimewapelekea familia picha ambayo mjomba mtu hamtambui kwa uso. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Walinipokea vizuri, chai nikanywa, lakini picha ile haikuweza kurudiwa, maana wageni walikwisha kurudi Newala na Masasi.

Baadaye nilikaa na hesabu. Kamera yenye kihisi kidogo (hizi za APS-C tunazotumia wengi), lenzi ya 50, umesimama mita 5. Kwenye f/1.8 eneo linaloonekana wazi ni sentimita 70 hivi kwa jumla: kama 35 mbele ya pale ulipofokasi na kama 40 nyuma yake. Wajomba walikuwa mita moja na nusu nyuma. Hawakuwa na nafasi. Ningezungusha mpaka f/8, eneo lile lingefika mita 3 na nusu, ukoo wote ungeenea na chenji ikabaki. Mwanga ulikuwepo wa kutosha. Nilichokosa ni kuelewa.

Tundu dogo linaongeza kina, yaani eneo hilo linaloonekana wazi, kwa sababu miale inayotoka kwenye kila nukta inapita kwenye koni nyembamba. Koni nyembamba hata isipokatika sawasawa juu ya kihisi inaacha kidoa kidogo tu, na jicho linakiona kama nukta. Tundu kubwa linaleta koni nene; ukiikosea kidogo inaacha kidoa kikubwa, na vidoa vikubwa vikipandana ndiyo ukungu wenyewe. Asiyeona vizuri kwa mbali hufinya macho asome kibao cha daladala. Anafanya hilohilo, anapunguza tundu.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu hiyo ya thumni imeingia moja kwa moja. Nimefundishwa apecha mara tatu na sijawahi kuambiwa mkwaju ni kugawanya. Asante sana.

#3

Niko Lindi mjini. Kamera yangu ilikuja na lenzi ya 18-55, imeandikwa 1:3.5-5.6. Kwa nini namba mbili? Ukumbini nikizumu picha zinatoka na giza au watu wanatikisika. Nilidhani lenzi ni mbovu, nilitaka kuirudisha dukani.

#4 (mleta uzi)

Usiirudishe dada yangu, nzima hiyo. Namba ya kwanza ni ya 18, ya pili ni ya 55. Gawanya: 18 kwa 3.5 ni milimita 5.1, 55 kwa 5.6 ni milimita 9.8. Unaona? Ukizumu tundu linakua kweli, karibu maradufu, lakini ghala limerefuka mara tatu. Mlango haujaufukuzia ukuta. Unabaki na mwanga uliopungua mara mbili na nusu, kamera inafidia kwa kupunguza kasi ya shata, na anayecheza anaacha mkia kwenye picha.

Ukumbini iache kwenye 18 usogee kwa miguu. Ukipata uwezo tafuta 50 yenye f/1.8, hata iliyotumika. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Pale ulipokuwa unapiga shata 1/30 ya sekunde utapiga 1/300, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mkono wa bibi harusi unaoonekana na mkono ulio moshi. Ila ukishaipata, kumbuka wajomba wangu.

#5

Mimi sina kamera, nina simu. Imeandikwa f/1.8, sawa na hiyo lenzi yako. Mbona nyuma haififii? Nikipiga kwenye ufukwe wa Shangani kila kitu kinaonekana, mpaka majahazi ya mbali.

#6 (mleta uzi)

Swali zuri, na jibu limo kwenye mgawanyo uleule. f ya simu siyo 50; lenzi yake halisi ni milimita 5 au 6 tu. 5.4 gawa kwa 1.8 ni 3. Tundu lako lina upana wa milimita 3, langu karibu 28. Kwa mwangaza wa picha tuko sawa kwa sababu sehemu ya f ni ileile, lakini unene wa koni unatokana na tundu lenyewe, na lako ni jembamba. Ndiyo maana simu inashika kuanzia kikombe mpaka jahazi.

Ile hali ya potreti kwenye simu ni programu inayokisia wapi mtu anaishia kisha inapaka ukungu pembeni. Itazameni kwenye nywele zilizotimka au ushungi wa lesi, mara nyingi inakata pasipostahili. Na simu nyingi haziwezi kubadilisha apecha kabisa. Tundu ni moja tangu kiwandani, zinacheza na shata na ISO pekee.

#7

Vijana, salaam. Nimesoma nikafurahi. Mimi nilikuwa na studio zama za mkanda. Apecha tulikuwa tunaizungusha kwa vidole kwenye pete ya lenzi, inalia tik, tik, na kila mlio unaujua. Kipima mwanga kilikuwa kwa wenye fedha. Sisi tulitumia kanuni ya jua: mkanda wa ASA 100 (ndiyo ISO yenu ya leo), jua la wazi, f/16, shata 1/125. Pwani penye mchanga mweupe au kwenye mashamba ya chumvi, unashuka f/22 kwa sababu mwanga unakupiga toka chini pia. Mawingu mepesi, f/11. Kivuli cha mwembe, f/5.6. Mkanda una picha 36, zikiisha zimeisha, na hujui ulichopata mpaka usafishe. Nikiwatazama sasa naona wengi hamfungi tundu kupita f/2.8 hata saa sita mchana. Kwa nini?

#8 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umenipa heshima kubwa kupita hapa.

Umesema kweli, tumelogwa na ukungu wa nyuma. Na kanuni yako inaonyesha hasara yake vizuri kuliko mimi. Kutoka f/16 mpaka f/2.8 ni stopu tano, kwa hiyo shata 1/125 inazidishwa kwa 32, unafika 1/4000. Kamera nyingi za kuanzia zinagota hapo. Mtu akienda ufukwe wa Msimbati saa saba mchana na f/1.8 anahitaji karibu 1/10000. Kamera haina, mchanga unatoka mweupe pepe na anga linaungua. Halafu anasema kamera mbaya.

Ila nina la kuongeza kuhusu f/16 na f/22 kwa hizi kamera za dijitali. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika kingoni, hakuna lenzi ya bei yoyote inayoukwepa mtawanyiko huo. Kwenye f/8 kila nukta inakuwa kidoa cha takriban milimita 0.011. Kwenye f/22 kinafika 0.03. Pikseli ya kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi kidogo ina upana wa 0.004 hivi. Kwa hiyo f/22 inakupa kina kirefu lakini picha nzima inalegea kidogo, inapoteza makali ya nyuzi za kitambaa na maganda ya mti. Lenzi nyingi ziko kwenye ubora wake f/5.6 mpaka f/8.

Nilipokwenda Kilwa Kisiwani nilikuwa na hamu ya kupiga ndani ya Msikiti Mkuu, zile nguzo na kuba zinazofuatana mpaka jicho linapotea. Mahali pale pamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981 na panastahili picha ya utulivu. Silika iliniambia f/22 ili nguzo zote zishike. Badala yake niliweka lenzi kwenye 18, f/8, nikafokasi mita 2 mbele yangu. Kwa kihisi kidogo mpangilio huo unakupa kuanzia mita 1 mpaka upeo wa macho. Kamera juu ya stendi, shata nusu sekunde, ISO 100. Kila nguzo ilikaa, na unaweza kuhesabu mawe ya matumbawe kwenye ukuta. Lenzi fupi ina tundu jembamba kwa asili, 18 gawa kwa 8 ni milimita 2 na robo tu. Huna haja ya kulibana zaidi.

#9

Mwanangu hiyo ya mtawanyiko sikuijua kwa hesabu, lakini nilikuwa naiona kwa macho kwenye picha kubwa za ukutani. Endelea.

#10

Kaka, mimi ni dada wa Masasi, napiga shughuli za mila. Ndani ya unyago hatuingii na kamera na sitaki kuingia, napiga siku mwali anapotoka, na ngoma za jioni. Tatizo langu ni lipiko, yule mchezaji ngoma anayevaa kinyago. Anacheza haraka, jua limezama, kuna taa moja ya nguzo. Nina 50 ya f/1.8. Nikifungua yote, kinyago kinatoka kwenye fokasi kila akisogea. Nikifunga, anakuwa moshi.

#11 (mleta uzi)

Dada, umefanya vyema kuheshimu ya ndani.

Anayecheza anasogea mbele na nyuma nusu mita kwa kufumba na kufumbua. Ukiwa mita 2 kutoka kwake, f/1.8 inakupa sentimita 11 au 12 tu za uwazi. Hapo hata pua na sikio la kinyago haviwezi kuenea pamoja. Rudi mita 5, weka f/2.8, shata isishuke 1/250, ISO ipande mpaka 3200 au hata 6400. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, kinyago kilichopotea hakivumiliki. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), usiiachie Av (unapanga apecha tu) iamue shata. Na mtazame miguu kabla hujatazama kinyago: mchezaji hurudi doa lilelile kila mzunguko. Fokasi hapo, msubiri afike.

#12

Nimerudi kutoa mrejesho. Kinyago kimekamata, kila chale ya usoni inaonekana, nimelia. Ila mzee mwenye ngoma ameuliza wapigaji wake wako wapi, maana nyuma ya lipiko ni ukungu mtupu. Anataka Jumamosi ijayo waonekane. Walikuwa mita moja na nusu nyuma yake.

#13 (mleta uzi)

Hongera sana dada, na mzee ana haki, bila wapigaji hakuna ngoma.

Kwa f/2.8 usingewapata. Hamia f/4, ni stopu moja tu, kwa hiyo kama ulikuwa ISO 3200 nenda 6400 na shata ibaki 1/250. Lakini f/4 peke yake ukiwa mita 5 inakupa sentimita 95 nyuma yake, bado wapigaji hawajaenea. Rudi nyuma mpaka mita 7. Umbali ule pamoja na f/4 ileile unakupa mita 2 nyuma ya lipiko, wote wameingia. Lipiko atakuwa mdogo kidogo kwenye fremu, lakini utampata na wenzake. Nenda mapema uwanja ukiwa mtupu, simama pale penye doa lake, hesabu hatua zako saba kubwa kurudi nyuma, na uweke jiwe.